Besi wa mdomo mdogo kwenye maji ya magotini

Ukisimama ukingoni mwa Susquehanna juu kidogo ya Harrisburg, Pennsylvania, swali la kwanza ni hili, sasa hapa naanzia wapi? Mto una upana unaokaribia maili moja, na kiangazi sehemu kubwa maji yanakufika magotini tu, mawe yamechomoza kila upande, nyasi zimeota mpaka katikati, we umeshika fimbo yako ya kuvulia unaangalia limto lote hilo limetanda mbele yako na huoni hata dalili ya samaki unayemtafuta, besi wa mdomo mdogo. Wengi hapo hapo wanakata tamaa, wengine wanaingia wanarusha mshipi mbali wawezavyo kuelekea katikati, wakiamini mto ukiwa mkubwa basi samaki nao wako mbali. Naupenda huu mto kupita maelezo, na naumia nikiona mtu anatembea juu ya samaki kwenda kuwatafuta samaki. Ule sio mto mmoja jamani. Ni vijito vingi vimelala ubavu kwa ubavu, na kazi yako ni kuchagua kimoja, ukakivua kama vile hivyo vingine havipo.

Anza na maji yenyewe. Mto Juniata unaingia Susquehanna kutoka magharibi, karibu na Duncannon, na maji yake hayachanganyiki haraka, yanashuka yameng'ang'ania ukingo wa magharibi kwa maili nyingi. Kwa hiyo mvua ikipiga bonde la Juniata unakuta upande wa magharibi ni tope tupu wakati upande wa mashariki unahesabu kokoto za chini. Mmoja anasema mto umechafuka, mwingine kasimama ng'ambo anavua maji masafi saa hiyo hiyo, na wote wanasema kweli. Ndo maana kabla ya kutoka siulizi mto ukoje, nauliza upande gani ukoje.

Halafu kuna miamba, na hapa ndo utamu wote ulipo. Susquehanna maeneo hayo imezikata safu za milima ya Appalachia, imepita katikati yake moja baada ya nyingine. Tabaka za mawe za ile milima zilikunjwa zamani zile zikainuka, sasa mto ukipita juu yake tabaka laini zinalika na zile ngumu zinabaki, tena zinabaki zimelala kwa kukatiza mto, kutoka ukingoni kwenda katikati, zinaonekana kama kuta fupi fupi zimejengwa makusudi. Ukuta wenyewe unaweza usizidi goti. Lakini ukiuvuka unakuta nyuma yake maji yamechimba, upande wa juu ulikuwa unatembea kwenye inchi 10, upande wa chini unazama mpaka kiunoni. Kwenye mto mwembamba wa milimani tofauti ya futi 2 za kina haikushtui, kwenye mto huu futi 2 ndo kila kitu, besi atakaa hapo mchana kutwa.

Na anakaa kwa sababu zinazoeleweka. Mkondo unapita juu ya ukuta, yeye yuko chini yake hapigani na maji, kivuli anacho, na kila kinachosombwa kutoka juu kinamdondokea karibu na mdomo. Tena msosi wenyewe uko humo humo kwenye maji mafupi, manake jua linafika mpaka chini, mawe yanaota ule utando wa kijani, wadudu wanakula utando, na kamba wa mtoni, wale wenye magando, wanakula karibu kila kitu. Besi wa hapa anawapenda hao kamba kuliko chochote. Funua jiwe lolote bapa lenye ukubwa wa sahani, funua taratibu kutoka upande wa chini ya mkondo ili tope liende zake, utamwona mmoja anarudi kinyumenyume magando juu, rangi yake inafanana na jiwe alilokuwa chini yake. Angalia rangi hiyo vizuri, nzi utakayefunga dakika hiyo, yaani chambo bandia cha manyoya kwenye ndoana, anatakiwa afanane naye.

Kwa hiyo mi naanza kuvua nikiwa bado sijalowa. Namaanisha kabisa, nasimama nchi kavu hatua kadhaa kutoka majini narusha kwenye maji ya vifundoni, hasa alfajiri, manake usiku samaki wakubwa wanasogea pembeni kuwinda dagaa na hawaondoki mpaka jua likaze. Nikimaliza pale naingia hatua chache, navua kinachofuata, naingia tena. Kufika kwenye ukuta wa kwanza wa mwamba inaweza kuchukua saa nzima na wala sioni nimepoteza muda. Wanaoingia moja kwa moja mpaka kiunoni ndo wavue, wameshawafukuza wale waliokuwa karibu, na hawa wa karibu ndo waliokuwa wanakula.

Samaki mwenyewe kwa asiyemjua: besi wa mdomo mdogo, Micropterus dolomieu, rangi ya shaba iliyochakaa, ubavuni ana mistari myeusi ya kusimama, jicho jekundu, na taya lake la juu halipiti nyuma ya jicho, hapo ndo anapoachana na ndugu yake wa mdomo mkubwa anayependa maji yaliyolala. Huyu wetu anataka mkondo, mawe na maji yenye hewa. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kwa asili hakuwepo kwenye mito hii ya mashariki. Kwao ni Maziwa Makuu na mabonde ya Ohio, Tennessee na Mississippi ya juu, upande wa pili wa milima. Mwaka 1854 watu walimvusha Appalachia kwa treni ya mvuke ya kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio, samaki wakiwa ndani ya tangi la maji la injini, wakawamwaga kwenye Potomac huko Cumberland, Maryland, na wale wachache wakaijaza Potomac. Susquehanna nayo ikapandikizwa miaka iliyofuata, ndani ya karne ile ile. Nikimshika mmoja mkononi huwa nakumbuka hilo tangi, mababu zake walisafiri kwa reli.

Zana sio nyingi. Fimbo ya futi 9 namba 6 au 7, namba ni uzito wa mshipi inaourusha, na kama utarusha nzi wazito kwenye upepo basi namba 8. Mshipi wa kuelea, basi, huhitaji wa kuzama kwenye maji mafupi hivi. Lida, ule uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi, iwe ya futi 9, mwisho wake uwe wa kubeba ratili 8 mpaka 10, ukiweka nyembamba zaidi mawe yataisugua ikatike. Miwani ya kuua mng'ao sio ya urembo, bila hiyo huoni chini na usipoona chini unavua gizani.

Nzi je? Hapa lazima nimtaje Bob Clouser, mwongoza wavuvi wa Middletown, kusini kidogo ya Harrisburg, mto huu huu. Miaka ya 1980 alitengeneza nzi mmoja mwepesi kumfunga kupita maelezo: nywele za mkia wa kulungu wa kule, nyuzi chache za kumetameta, na macho mawili ya risasi yaliyofungwa juu ya ndoana nyuma kidogo ya tundu. Lefty Kreh, mvuvi na mwandishi aliyejulikana dunia nzima, ndo alimpa jina, Clouser Minnow, akamtangaza, na leo nzi huyo anavua karibu kila samaki anayekula samaki wenzake, baharini na mitoni. Lakini alizaliwa kwa ajili ya besi wa maji haya, na ukielewa anavyofanya kazi utaona kila kitu kwake kinajibu swali la mto. Yale macho yakifungwa juu yanaipindua ndoana, ncha inaangalia juu, kwa hiyo anapita katikati ya mawe hanasi ovyo. Ukivuta mshipi anapanda, ukiacha anapiga mbizi kichwa kwanza. Hatulii hata sekunde. Dagaa aliyejeruhiwa ndo anaogelea vile, na kamba anayekimbia naye ni hivyo hivyo, na besi hawezi kuvumilia kukiona kitu kinamkimbia kwa vipande vipande.

Kosa kubwa la wafungaji ni kujaza manyoya. Yawe machache mpaka uone mwanga unapita katikati. Mi nafunga ndoana namba 4 na 6, meupe na kijani cha ndimu maji yakiwa na ukungu, meupe na kijivu yakiwa masafi, kahawia na rangi ya chungwa iliyopauka nikitaka kamba. Macho yawe madogo kiangazi, ukiweka mazito kwenye maji ya goti kazi yako itakuwa kung'oa mawe tu. Na urushaji wake ni wa polepole, mshipi hewani uchore kitanzi kipana, mpe muda aende nyuma mpaka umhisi amenyoosha mshipi ndo umlete mbele, ukimharakisha atakupiga kisogoni, na risasi ile inauma.

Ngoja niwaelezee mrusho mmoja maana ndo unafundisha kuliko maneno mengi. Kuna ukuta wa mwamba hivi chini ya daraja la Rockville, lile daraja la reli la mawe lenye matao 48 lililomalizika 1902, linalotajwa kuwa daraja la reli la matao ya mawe refu kuliko yote duniani, na ule ukuta una pengo moja ambapo maji yanajisukuma kwa nguvu kama yanapita mlangoni. Nilisimama pembeni, chini kidogo ya ukuta, sio mbele ya pengo. Nikarusha juu ya pengo, nzi akaangukia maji ya inchi chache, mkondo ukambeba ukamdondosha kule kwenye kina, mi kazi yangu kukusanya mshipi uliolegea tu. Nikahesabu mbili. Nikavuta kipande kifupi, nikaacha. Wakati wa kuacha ndo nikaona chini kabisa kitu cha kahawia kimegeuka, ubavu ukamulika mara moja, halafu mshipi pale ulipogusa maji ukasita. Haukuvutwa, ulisita tu, kama umegusa nyasi. Ukisubiri uhisi mvuto mkononi umechelewa, ameshamtema. Nikavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mrefu na wa nguvu, fimbo ikiwa bado chini inaangalia maji, na hapo ndo fimbo ikapinda. Ukiinua fimbo kwanza unamtoa nzi mdomoni, ndo maana nasisitiza mkono. Akaruka mara mbili, akaingia kwenye mkondo akageuza ubavu, na besi akigeuza ubavu kwenye maji yanayokimbia utadhani umenasa mara mbili yake. Alikuwa wa kama inchi 17. Wanaokula wakati wa kuvuta ni wachache, wengi wanakula nzi akiwa anazama, kwa hiyo kuacha ndo sehemu ya kuvua, kuvuta ni kumwandaa tu.

Julai na Agosti maji yakishuka na kupata joto mambo yanahamia juu. Kuna nyasi zinaota kwenye vile visiwa vya kokoto, mizizi majini, maua madogo meupe yenye zambarau, na pembeni mwa hizo nyasi kereng'ende wamejaa. Hapo nafunga popa, nzi wa kuelea mwenye uso bapa, namtupa mita moja kutoka kwenye nyasi halafu sifanyi kitu. Viduara vienee mpaka viishe. Watu hawana subira hapa, wanaanza kupiga puu puu puu kabla maji hayajatulia. Besi alishamsikia akidondoka, amekuja yuko chini yake anamtazama. Mtikise kidogo tu, miguu yake ya mpira icheze, na mara nyingi inatosha. Wengine wanampasua maji yakaruka, wale wakubwa wanamfyonza kimya kimya, unaona tu popa hayupo.

Na kama mtu ana nafasi ya jioni chache tu kwa mwaka mzima, ningemwambia aje mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti, jua likizama. Kuna mdudu wa majini anaitwa meiflai mweupe, Ephoron leukon, baridi yote ni yai tu chini ya mto, likianguliwa mtoto anakaa kwenye changarawe na mchanga, halafu jioni hizo wanatoka wote kwa pamoja. Kwanza unaona mmoja mmoja karibu na maji, dakika kumi baadaye hewa yote ni nyeupe. Hawana hata mdomo wa kulia, saa moja au mbili ndo uhai wao wote wa juu ya maji. Dume anatoka, anatua, anajivua ngozi mara ya mwisho na kuruka tena haraka haraka, wengine ile ngozi bado inaning'inia mkiani kama uzi. Jike hajivui tena, anapandana, anataga mayai juu ya maji na kufa hapo hapo. Besi wanajua. Unasikia midomo kila upande, midogo ya kunyonya, na samaki mkubwa aliyekuwa anafukuza kamba mchana sasa anaokota wadudu mmoja mmoja kama trauti. Nzi mweupe wa namba 10 au 12, aelee tu bila kuburutwa. Giza likiingia huoni nzi wako tena, unasikiliza, ukisikia mnyonyo mahali ulipodhani yuko unakaza. Vaa kitambaa mdomoni maana na wewe utawameza.

Sasa usalama, na hili silisemi kwa kupita tu. Maji mafupi yanadanganya. Mwamba wa Susquehanna una utelezi wa ajabu kiangazi na ule ukuta wa goti ukiuvuka bila kupima ndo unazama. Tembea na mkongojo, buruta mguu usiuinue, mguu mmoja utulie ndo uhamishe wa pili, na geuka ubavu kwa mkondo. Tumia geji ya Harrisburg, kipimo cha kimo cha maji ya mto, Shirika la Jiolojia la Marekani linaweka vipimo mtandaoni saa zote, mi nikiona imeshuka chini ya futi 4 ndo natulia kwamba naweza kutembea, ikipanda kidogo tu nabaki pembeni. Ingia ukiwa umeshaangalia njia ya kurudi, kwenye mto wa maili moja ukingo unaweza kuwa mbali sana wingu likianza kunguruma na we umeshika fimbo ndefu. Na lile bwawa fupi la Dock Street hapo Harrisburg kaa nalo mbali kabisa, kwa juu na kwa chini. Linaonekana kama ngazi moja tu ya maji, lakini maji ya chini yake yanazunguka yanarudi nyuma na hayamwachii mtu, limeua wengi.

Kuna jambo lingine linanikaa moyoni. Kuanzia 2005 besi wachanga wa mto huu walianza kufa kwa wingi, wadogo kabisa wa mwaka huo huo, ngozi zikiwa na vidonda. Watafiti hawakupata sababu moja ya kuibebesha lawama yote, walikuta bakteria, virusi, vimelea, kemikali, maji ya moto yenye hewa kidogo kwenye kingo tulivu wanakokulia watoto. Kizazi kikikosa miaka kadhaa mfululizo utakuja kuliona pengo baadaye, ukawa unapata wakubwa wachache na katikati hakuna mtu. Kuanzia 2011 kwenye kipande kirefu cha mto ikawa ni kuachia besi papo hapo, na idadi ikaja kupanda tena miaka iliyofuata. Lakini besi wa mtoni anakua taratibu, aliyefika inchi 20 anaweza kuwa ameishi zaidi ya miaka 10. Mi sichukui hata mmoja na sitachukua, hata pale kanuni inaporuhusu.

Kuachia nako kuna namna. Bana miiba ya ndoana kwa koleo kabla hujafunga nzi, itatoka kwa kugeuza kidole. Mlete haraka, usimchoshe mpaka alale. Lowesha mkono kabla ya kumgusa. Ukitaka picha, aning'inie sekunde chache tu juu ya maji, mkono mmoja tumboni, asishikwe taya peke yake akiwa mzito. Na maji yakipata joto sana mwezi wa Agosti, mchana kweupe, mi napumzika, navua alfajiri na jioni, maana samaki aliyepigana kwenye maji ya moto anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako akaenda kufa mbele.

Mei vile vile. Maji yakifika kama nyuzi 15 mpaka 18 za Selsiasi dume anafagia kokoto kwa mkia, unaona duara jeupe chini kwenye maji mafupi, jike anataga anaondoka, dume anabaki. Anapepea mayai kwa mapezi, anafukuza kila anayesogea, na baada ya kuanguliwa bado anawalinda watoto, kundi la vidoti vyeusi juu ya kiota. Wakati huo atauma chochote ukimtupia, ni rahisi mno, na ukimtoa kwa dakika mbili tu wengine wanaingia kula mayai. Nikiona lile duara nalizunguka kwa mbali naenda kutafuta majike waliomaliza kutaga, wameshashuka kwenye kina cha kwanza nyuma ya mwamba, wana njaa.

Septemba ndo wakati wangu. Maji yanakuwa yamepoa, wadudu wameisha, besi wanafuata dagaa kwenye maji ya wazi na wanajaza matumbo kabla ya baridi, maana maji yakishuka chini ya nyuzi 10 wanahamia mashimo ya kina na kutulia, huko hufiki kwa miguu. Nafunga Clouser mweupe mrefu kidogo kuliko wa kiangazi, kama inchi 3, na nazidisha ule muda wa kuacha. Ukija mvua ikiwa imepiga bonde la Juniata, anza upande wa mashariki juu ya Rockville, magharibi subiri siku mbili tatu Juniata isafike.